Ledibadi wa managu ni Epilachna, Henosepilachna ama Chnootriba? Na huyu mweusi wa sukuma je?

kiploti_kahawa

Wadau mko aje. Niko huku Kahawa West, nina kaploti nyuma ya nyumba nimepanda managu (mnavu), sukuma, kojeti kidogo na mistari miwili ya mahindi kando ya ukuta. Tangu mvua ianze nimeona ledibadi wa aina mbili tatu na nimechanganyikiwa kabisa, maana shuleni tuliambiwa ledibadi ni rafiki ya mkulima asiguswe, sasa hawa wa managu mbona wananimaliza?

Wacha niwaeleze vile wanakaa. Wale wa managu ni rangi ya chungwa iliyofifia, inakaribia kahawia, wamejaa madoa meusi, mviringo kabisa na mgongo umeinuka, na hawang'ai, ukiwaangalia karibu ni kama wamepakwa vumbi. Chini ya jani kuna vibuu vya manjano vyenye miiba mgongoni, na miiba yenyewe ina matawi, ncha nyeusi. Jani wakishapitia linabaki mishipa tu, nyama imeenda, upande wa juu kumebaki kangozi kembamba ukiinua kwa jua mwanga unapita. Wale wa sukuma sasa ni tofauti, wanang'aa, kuna mweusi mwenye mabaka mekundu na kuna wa manjano mwenye mistari myeusi, na hao sijawaona wakila jani.

Nilipiga picha nikaweka kwa programu ya kutambua wadudu, ikasema Epilachna, nikaweka picha ingine ya mdudu yule yule kwa programu ya pili ikasema Henosepilachna, beshte yangu akajaribu na ya simu yake akaambiwa Chnootriba. Mdudu mmoja majina matatu! Jirani anasema nipige dawa kila mahali, na mwenye duka la dawa za shamba naye akanipimia kitu cha kuua "kila kitu" bila hata kuuliza ni mdudu gani. Bado sijapiga. Sasa nauliza, hao ni jenasi gani haswa (lile kundi la spishi za karibu), na nitajuaje nani wa kuua nani wa kuacha?

shosh_wa_kangemi

Kijana wangu, hao wa managu usiwaonee huruma. Sisi huku Kangemi tumepanda managu miaka na miaka na hao ndio hutusumbua, vidukari (aphids) hawali hata ukiwamwagia. Ingia shambani asubuhi kabla jua halijachoma, wakiwa bado na baridi hawaruki, okota mmoja mmoja utie kwa mkebe wa maji ya sabuni. Geuza majani pia, mayai ni ya manjano yamesimama wima kikundi kikundi, ponda na kidole. Ukiwagusa watajifanya wamekufa na watatoa maji ya manjano yananuka, usiogope, nawa mikono basi. Hayo majina ya wasomi wenyewe watakuja kukuambia.

msee_wa_roysa

Si hiyo nyeusi na nyekundu ni Nairobi fly? Mimi singeshika kitu aki.

mbawakawa254

@msee_wa_roysa hapana boss. Nairobi fly ni Paederus, si nzi na si ledibadi, ni mbawakawa mrefu mwembamba anakaa karibu na siafu kwa umbo, mabawa mafupi yamefunika sehemu ndogo tu ya mgongo na tumbo lote liko nje. Sumu yake inaitwa pederini na inakuchoma ukimponda kwa ngozi, akitembea tu hana shida. Ledibadi ni mviringo na ganda la mabawa limefunika tumbo lote, hawafanani hata kidogo.

Sasa @kiploti_kahawa, maelezo yako ni mazuri kuliko picha za watu wengi humu, kwa hivyo wacha nianze na hao wa sukuma maana ni rahisi. Hao ni Cheilomenes karibu nina uhakika. Mweusi mwenye mabaka mekundu ama ya chungwa ni Cheilomenes lunata, huyo yuko Afrika sehemu nyingi sana, na wa manjano mwenye mistari myeusi anaonekana Cheilomenes sulphurea. Wote wawili wanakula vidukari, na kibuu wao pia, kibuu mwenyewe ni mweusi kijivu mwenye vibaka vya rangi hafifu, mrefu kidogo, miguu ndefu, anakimbia kwa jani ukimsumbua. Ukikutana na vitabu vya zamani utaona wanaandika Cydonia lunata, ni mdudu yule yule, jenasi ndiyo ilibadilishwa jina. Hao waache kabisa, na usiwapigie hiyo dawa ya kuua kila kitu kwa sababu vidukari watarudi haraka kuliko wao.

Hao wa managu ndio wenye stori. Kuna kundi la ledibadi linaitwa Epilachnini, na tofauti yao na wengine ni kwamba wanakula mimea, mkubwa na kibuu wote. Familia nzima ya ledibadi, Coccinellidae, ina spishi kama 6,000 duniani, na hili kundi peke yake ni kama elfu moja hivi, kwa hivyo hao si wachache waliopotoka njia, ni tawi zima. Zamani walikuwa wanapewa nusufamilia yao wenyewe, Epilachninae, lakini tangu 2007 wengi wanafuata mpangilio wa nusufamilia mbili tu, Microweiseinae na Coccinellinae, na hawa wala majani wako ndani ya Coccinellinae pamoja na kina Cheilomenes. Yaani mla vidukari na mla managu ni binamu wa karibu kuliko vile watu wanadhani.

Kibuu mwenye miiba ya matawi ndiye amekuuzia siri. Ukiona hiyo miiba iliyogawanyika kwa kibuu wa manjano, pamoja na jani lililobaki mishipa, huhitaji programu yoyote, huyo ni Epilachnini. Jenasi sasa ni mambo mengine na nitarudi jioni niandike vizuri, niko kwa matatu na simu inaelekea kuzima.

kiploti_kahawa

Asante sana mkuu, na wewe pia shosh. Kwa hivyo programu zote tatu zilikuwa zinasema kitu kimoja kwa majina tofauti ama zinabahatisha?

mwalimu_wa_bayo

Naongezea kidogo. Sisi huwa tunafundisha njia fupi, ukiona ledibadi ana manyoya mgongoni ni mla majani, akiwa laini na anang'aa ni mla vidukari. Hiyo "vumbi" kiploti_kahawa anaona ni manyoya mafupi, ukichukua lenzi utaona. Njia fupi, mtoto wa darasa la sita anaielewa, kwa nini kumsumbua mtu na nusufamilia?

mbawakawa254

Nimefika nyumbani. Mwalimu, heshima yako, lakini hiyo njia inaua wasio na hatia. Ni kweli Epilachnini wana manyoya, lakini si wao peke yao. Rodolia ana manyoya na anakula vidugamba (scale insects), na huyo ndiye ledibadi maarufu kuliko wote kwa historia ya kilimo, Rodolia cardinalis alitolewa Australia akapelekwa California mwaka 1888 na 1889 akaokoa michungwa iliyokuwa inamalizwa na kidugamba Icerya purchasi. Kuna na Scymnus, hao vidogo sana wenye manyoya, wengi wanakula vidukari. Kwa hivyo mkulima akifuata manyoya peke yake anaweza ponda Rodolia kwa mchungwa wake akidhani ameokoa shamba. Manyoya PAMOJA na jani lililoliwa, pamoja na kibuu wa miiba, hapo sawa. Na kuna mambo ya tatu yenye watu husahau, wapo ledibadi wadogo wa manjano ama weupe, kina Psyllobora, wanakula ule ukungu mweupe wa majani, kwa hivyo @kiploti_kahawa ukiona kadogo kwa kojeti iliyopata ukungu usiseme kanakula kojeti, angalia vizuri kwanza.

Kama unataka kitu kisichodanganya angalia mdomo. Mla nyama ana taya lenye ncha moja ama mbili na jino lingine huku nyuma kwa shina la taya, la kushikia. Epilachnini hana hilo jino la nyuma, badala yake mbele ana meno mengi ya kukwaruza jani, na ndiyo sababu anaacha zile alama za mistari mistari sambamba kwa jani badala ya kutoboa tundu. Lakini hapo unahitaji mdudu aliyekufa, sindano na hadubini, si simu.

Haya sasa majina matatu. Programu hazikubahatisha, zimejifunza kutoka kwa picha zenye watu wameandika majina ya vipindi tofauti. Kwa muda mrefu sana kila mla majani mwenye madoa alikuwa anatupwa ndani ya Epilachna, kutoka Marekani mpaka Asia mpaka huku kwetu. Halafu 1961 Li na Cook wakatoa Henosepilachna wakaweka humo baadhi, wakitumia alama moja nzuri, ile pete ya mwisho ya tumbo la jike kwa upande wa chini. Kama imepasuliwa katikati kwa urefu, Henosepilachna. Kama ni nzima, inabaki Epilachna. Watu wakatumia hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini, vitabu vya kilimo, lebo za makumbusho, kila kitu.

Shida ikaja walipoanza kulinganisha DNA na umbo la mwili mzima. Wakaona wenye kupasuka hawatoki kwa babu mmoja, na wasio na kupasuka pia hawatoki kwa babu mmoja. Ile alama ipo kweli, sema haifuati ukoo. Mwaka 2016 Tomaszewska na Szawaryn, watafiti wa Poland, wakatoa mapitio ya jenasi zote za hili kundi duniani wakapanga upya. Epilachna yenyewe ikabaki ya huko mabara ya Amerika, kule kwenye yule mla maharagwe wa Mexico, Epilachna varivestis. Wa Afrika wengi wakahamishwa, na Chnootriba, jina la kitambo sana lililokuwa na watu wachache ndani, likapokea wageni. Kwa mfano yule wa matikiti na malenge ambaye vitabu vilimuita Epilachna chrysomelina, na wengine Henosepilachna elaterii, sasa utamkuta Chnootriba elaterii.

Ndio maana programu ya kwanza inakuambia Epilachna, imesoma vitabu vya babu. Ya pili imesoma vya baba. Ya tatu imesoma vya 2016.

msee_wa_roysa

Sasa wewe ukisema hivyo si ni kusema hakuna jina? Kila miaka kumi mtu anabadilisha, mkulima afuate nini.

mbawakawa254

Mkulima afuate kibuu na jani, kama nilivyosema. Jina linasaidia mtu mwingine, yule anayetafuta kama huyu mdudu ana adui wa asili, kama anabeba ugonjwa, kama amehama kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Hapo ukiandika jenasi mbaya unasoma habari za mdudu wa Mexico ukidhani ni wako.

jirani_wa_mwea

Naingia hapa ingawa mimi si wa Nairobi, nalima mpunga lakini wikendi niko Umoja kwa dada yangu. Hiyo Chnootriba nimewahi kuisikia kwa mkutano wa wakulima, tuliambiwa inabeba ugonjwa wa njano wa mpunga. Ni hiyo hiyo ya managu? Kwa sababu kiploti_kahawa amesema ana mahindi pia na mimi nimeona majani ya mahindi yakiwa na mistari myeupe ya kukwaruzwa.

mbawakawa254

@jirani_wa_mwea swali zuri sana na ni mfano wa kile nilikuwa nasema. Unayemzungumzia ni Chnootriba similis, zamani Epilachna similis. Huyo anapenda nyasi na nafaka, mahindi, ngano, shayiri, mpunga, na ni mmoja wa mbawakawa wanaosambaza virusi vya ugonjwa wa njano wa mpunga. Huo ugonjwa ulionekana mara ya kwanza duniani hapa hapa Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966, baadaye ukaonekana nchi nyingi za Afrika. Mdudu anakula jani lenye virusi, mdomo unabaki navyo, anakwenda kukwaruza jani lingine.

Lakini wa managu si yeye. Epilachnini wana tabia ya kuchagua ukoo wa mimea, kuna wa nafaka, kuna wa malenge na matango, kuna wa managu, biringanya na viazi. Kwa hivyo ukinipa mdudu bila kuniambia alikuwa kwa mmea gani umenificha nusu ya habari. @kiploti_kahawa, wale wa managu umewahi kuwaona wakila mahindi ama kojeti?

kiploti_kahawa

Mahindi hapana. Kojeti nimeona mmoja amekaa lakini jani halina alama. Kwa managu ndio chama, na kuna biringanya moja ya mama watoto kwa ndoo nayo wameifikia.

Nimefanya ile kazi ya pete ya tumbo. Nimetia kadhaa kwa kachupa nikaweka kwa friji usiku, asubuhi nikawalaza chali kwa karatasi nyeupe na ile lenzi ndogo ya mkono ya kukuza mara kumi, mtoto akashika tochi. Ni ngumu jamani, miguu inafunika kila kitu, lazima usogeze na kijiti cha meno. Baadhi pete ya mwisho ni nzima na imebonyea kidogo katikati, na wengine, hao wakubwa kidogo, kuna mstari mwembamba kabisa umeshuka katikati mpaka ukingoni, ukibonyeza kidogo pande mbili zinaachana. Hao wenye mstari ndio majike?

Kitu kingine, madoa hayafanani. Kuna wenye madoa makubwa yameungana na kuna wenye madogo yametengana, na kuna mmoja ni wa manjano tu hana doa hata moja. Nina spishi tatu ama?

mwalimu_wa_bayo

Huyo asiye na doa ni mchanga, ametoka kwa pupa juzi. Ganda likishatoka ni laini na rangi hafifu, madoa yanaingia polepole saa zinavyoenda. Na watu waache kusema idadi ya madoa ni umri wa mdudu, hiyo nasikia kila mwaka kwa wanafunzi. Akishatoka mkubwa hazidi tena madoa wala haongezeki mwili.

mbawakawa254

Sawa kabisa mwalimu. Na madoa kuungana ni kawaida ndani ya spishi moja, kwa ledibadi rangi ndiyo kitu cha mwisho kuamini. Ukitaka kuona vituko angalia Harmonia axyridis, yule wa Asia aliyeingia nchi nyingi, kuna wa chungwa madoa kumi na tisa, kuna wa chungwa bila doa, kuna mweusi mwenye mabaka mekundu, wote spishi moja. Kenya ripoti yake ya kwanza ilichapishwa 2011. Huyo mweusi wake anaweza kukuchanganya na Cheilomenes lunata, kwa hivyo @kiploti_kahawa kwa wale wa sukuma angalia ukubwa pia, Harmonia ni mnene zaidi, na wengi wana kamkunjo kadogo kamekatiza karibu na mwisho wa ganda huku nyuma.

Kuhusu pete: umefanya kazi safi. Wenye mstari ni majike, na kwa ufunguo wa zamani, yaani ule mwongozo wa kutambua wa 1961, hiyo ni Henosepilachna. Wenye pete nzima iliyobonyea yaelekea ni madume, hao huwezi kuwatumia kwa hiyo alama kwa sababu inahusu jike peke yake. Watu wengi wanakosea hapo, wanaokota mmoja, anakuwa dume, pete ni nzima, wanaandika Epilachna wanaenda nyumbani.

Lakini ufunguo wa zamani unakupa jina la zamani. Kwa mpangilio wa 2016 huo mstari peke yake hautoshi kusema uko Henosepilachna ama Chnootriba, inabidi kuangalia taya, kucha za miguu, ile mistari iliyopinda chini ya tumbo nyuma ya mguu wa mwisho, na viungo vya uzazi vya dume na jike, ambavyo vinatolewa kwa kuchemsha tumbo kwa dawa na kupasua chini ya hadubini. Spishi ndiyo zaidi, kwa hili kundi bila kiungo cha dume ni kuota.

msee_wa_roysa

Yaani lazima mpaka mpasue sehemu za siri za mdudu ndio mjue jina lake. Kazi iko.

mbawakawa254

Haha ndio hivyo boss, na si ledibadi peke yake, mbawakawa wengi wako hivyo. Kwa nje spishi mbili zinafanana kama sarafu, kwa ndani tofauti iko wazi.

shosh_wa_kangemi

Mmeongea vizuri lakini hamjamwambia kijana afanye nini kesho asubuhi. Kwa managu chuma majani yenye yameliwa sana na vibuu vikiwa bado chini yake, usiyatupe kwa shimo la mbolea, tia kwa maji ya sabuni kwanza. Jivu pia mimi hunyunyiza kwa jani likiwa na umande, wanachukia. Majani ya mwarobaini ukitwanga ukachuja ukanyunyiza chini ya jani wanapunguza kula. Ile mnavu ya porini inayoota kando ya ua ng'oa, hapo ndipo wanajificha ukishavuna. Na sukuma usiiguse.

jirani_wa_mwea

Kweli shosh. Na kwa wale wanaosema piga dawa, kuna kanyigu kadogo sana kanataga mayai ndani ya hao vibuu vya miiba, nimewahi kuona kibuu kimekauka kimekuwa kahawia kimeshikamana na jani, tulidhani ni ugonjwa. Mbawakawa254 unajua hiyo?

mbawakawa254

Inafanana na kazi ya Pediobius. Pediobius foveolatus inajulikana sana India kwa hawa wa biringanya, na Marekani huwa wanaifuga na kuiachilia dhidi ya yule mla maharagwe, kwa sababu huko haivumilii baridi inabidi iletwe upya kila msimu. Kibuu aliyepatwa anavimba anageuka kahawia anakauka, na nyigu wengi wanatoka kwa huyo mmoja. Siwezi kukuambia yako ni hiyo hiyo bila kuiona, lakini shosh akikuambia uponde vibuu, wale wa kahawia waliokauka waache kwa jani mpaka watoke wenye wako ndani.

kiploti_kahawa

Hiyo nimeipenda, kuna viwili hivi kwa biringanya na nilitaka kuvitupa. Dawa ya duka nimeirudisha, jamaa alikataa kurudisha pesa akanibadilishia na mbegu, sawa tu.

Swali la mwisho. Nataka kuweka hizo picha iNaturalist, ule mtandao wa kurekodi viumbe, vizuri. Niandike jina gani? Na wale wa kwa friji nifanyie nini?

mbawakawa254

iNaturalist weka Epilachnini, kiwango cha kundi, basi. Usikubali ile programu ikusukume kuchagua jenasi kwa sababu imependekeza, mtu akija baadaye na ushahidi atashusha. Kwa maelezo andika "jike, pete ya mwisho ya tumbo imepasuka katikati, kwa managu na biringanya", hiyo sentensi ina thamani kuliko jina. Picha weka tatu kwa rekodi moja, mgongo, tumbo na kibuu, na ya jani lililoliwa iwe ya nne. Wa sukuma weka rekodi zao tofauti, Cheilomenes lunata utaweka mpaka spishi kama mabaka yanaonekana vizuri, yule wa manjano weka Cheilomenes ungojee.

Wa friji, tia kwa kachupa kenye spiriti, ile ya kuchoma ya zambarau usitumie inapaka rangi, tafuta isiyo na rangi kwa duka la dawa za binadamu. Hakikisha madume wamo. Ndani ya chupa weka kikaratasi kilichoandikwa kwa PENSELI, kalamu itayeyuka, uandike Nairobi, Kahawa West, tarehe, mmea. Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill wana idara ya wadudu na mkusanyiko mkubwa, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, ni karibu na wewe zaidi, hata ni matatu moja. Piga simu kwanza uulize nani anashughulika na mbawakawa ndio usifike ukaambiwa rudi Alhamisi.

shosh_wa_kangemi

Na ukienda huko Kasarani waulize kama wana mbegu ya managu ya jani pana, mimi yangu imeisha.